Kabla ya kuiamini tarakilishi: Kasoro za programu za kuigia saketi za umeme

TUSEME mwanafunzi wa uhandisi ameketi mbele ya tarakilishi yake usiku, akibuni kifaa cha kugeuza umeme wa ukutani uwe wa mwelekeo mmoja. Mezani pake hapana waya wala chombo cha kulehemu. Saketi nzima ameichora kwenye skrini: chanzo cha umeme, dayodi nne na kapasita moja ya kuhifadhi chaji. Kwa kuwa anajua umeme wa majumbani nchini Kenya ni wa volti 240, anaandika 240 mahali panapotakiwa ukubwa wa wimbi, na 50 mahali panapotakiwa idadi ya mizunguko kwa kila sekunde. Kisha anabofya.

Baada ya nukta chache, mchoro wa kupendeza unajitokeza. Volti katika kapasita zinapanda hadi karibu 238, zinatulia. Mwanafunzi anaridhika. Anaamua kwamba kapasita inayostahimili volti 250 itatosha, na kesho yake anateremka barabara ya Luthuli jijini Nairobi, yalikojaa maduka ya vifaa vya elektroniki, kwenda kuinunua.

Akiiunganisha kapasita hiyo na umeme wa ukutani kama alivyopanga, kuna hatari kubwa ya kupasuka. Sababu ni kwamba volti 240 tunazozitaja kila siku si kilele cha wimbi la umeme, bali ni kipimo cha wastani wa kihesabu kinachoonyesha uwezo wake wa kufanya kazi. Kilele chenyewe hupatikana kwa kuzidisha 240 mara 1.414, nacho ni karibu volti 339. Programu aliyoitumia ilimtaka aandike kilele. Yeye aliandika wastani. Kwa hivyo, kile kilichoigwa na tarakilishi ni umeme wa takriban volti 170 pekee, ambao haupo katika nyumba yoyote hapa nchini.

Tarakilishi haikumdanganya. Ilijibu sawasawa swali aliloulizwa, ila swali lenyewe halikuwa lile alilodhani amelitoa. Na hapo ndipo penye kiini cha makala haya. Programu za kuigia saketi ni msaada mkubwa kwa wanafunzi, wahandisi na mafundi, hasa kwa vile baadhi ya zilizo bora hutolewa bila malipo. Hata hivyo, zina kasoro zinazojulikana, nyingine zikiwa na umri wa miaka hamsini, na kila toleo jipya linapotolewa huondoa baadhi na pengine kuzusha nyingine. Asiyezijua huweza kupoteza fedha, muda, na hata uhai.

Zilikotoka

Takriban programu zote za aina hii zinazotumika leo zina asili moja. Ni SPICE, iliyozaliwa katika Chuo Kikuu cha California mjini Berkeley, Marekani. Jina hilo ni kifupisho cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya programu ya uigaji inayotilia mkazo saketi jumuishi, yaani zile saketi ndogo mno zinazochongwa katika kipande kimoja cha silikoni na ambazo wengi huziita chipu.

Kabla yake, palikuwapo programu iliyoitwa CANCER, iliyotokana na kazi ya wanafunzi wa Profesa Ronald Rohrer. Maneno ya mwisho katika kirefu cha jina hilo yalitangaza kwamba programu haikushughulika na mionzi. Tangazo hilo lilikuwa na maana yake. Wakati huo, programu nyingi za kuchanganua saketi ziligharimiwa na idara za ulinzi za Marekani, ambazo zilitaka kujua iwapo vifaa vyake vingestahimili mionzi ya silaha za nyuklia.

Mmoja wa wanafunzi hao, Laurence Nagel, aliendelea na kazi hiyo chini ya Profesa Donald Pederson, na SPICE ikatambulishwa kwa wataalamu mwaka wa 1973. Toleo la pili, SPICE2, lilifuata mwaka wa 1975 likiwa na njia bora ya kupanga milinganyo na uwezo wa kubadilisha urefu wa hatua za muda kulingana na hali ya saketi. Matoleo hayo yaliandikwa kwa lugha ya Fortran. SPICE3, kazi ya Thomas Quarles, iliandikwa kwa lugha ya C na kukamilika mwaka wa 1989.

Jambo lililoisambaza SPICE kote duniani ni msimamo wa Pederson kwamba isifungiwe kabatini. Vyuo na viwanda viliipata kwa urahisi, vikaitumia, vikagundua makosa, na vingi vikayaripoti Berkeley ili yarekebishwe. Tangu mwanzo kabisa, basi, programu hii ilikua kwa kutajwa kasoro zake hadharani. Mnamo 2011, taasisi ya kimataifa ya wahandisi wa umeme na elektroniki, IEEE, iliitambua SPICE rasmi kuwa mojawapo ya hatua muhimu katika historia ya taaluma hiyo.

Vizazi vyake ni vingi. PSpice iliingia katika tarakilishi za mezani mwaka wa 1984. LTspice iliandikwa na Mike Engelhardt katika kampuni ya Linear Technology na kutolewa bila malipo, na baada ya kampuni hiyo kununuliwa na Analog Devices mwaka wa 2017, programu ilihamia huko. Ngspice nayo ni ya chanzo huria, yaani mtu yeyote anaruhusiwa kuisoma na kuirekebisha, na tangu mwaka wa 2018 imeunganishwa na KiCad, programu huria ya kubunia mbao za saketi.

Inavyofanya kazi

Ili kuelewa kasoro, sharti kwanza tuelewe kazi yenyewe. Programu haioni picha ya saketi kama tuionavyo. Inapokea orodha ya vijenzi na mahali kila kimoja kilipounganishwa. Kutokana na orodha hiyo, huunda milinganyo ya hisabati kwa kufuata kanuni moja rahisi, kwamba umeme wote unaoingia katika kiungo chochote cha waya lazima utoke.

Lau saketi zote zingekuwa za rezista pekee, milinganyo hiyo ingetatuliwa mara moja na shughuli ikaisha. Lakini dayodi na transista hazifuati mstari ulionyooka. Katika dayodi kamilifu, kila volti zinapoongezeka kwa takriban 0.06 tu, mkondo wa umeme huongezeka mara kumi. Hakuna njia ya kutatua milinganyo kama hiyo kwa mkupuo mmoja. Kwa hivyo, programu hukisia jibu, hupima kosa la kisio hilo, hulirekebisha na kukisia tena. Hurudia hivyo mpaka tofauti baina ya jibu moja na linalofuata iwe ndogo mno. Katika SPICE, kiwango cha kawaida cha kuridhika ni sehemu moja kwa elfu moja.

Hesabu za saketi inayobadilika kadiri muda unavyosonga huwa nzito zaidi. Programu huukata muda vipande vidogo vidogo na kuutatua mlinganyo wote upya katika kila kipande. Mambo yanapobadilika kwa kasi hupunguza urefu wa hatua, na yanapotulia hurefusha. Ni kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe: penye maji makali hukanyaga kwa uangalifu, hatua fupi fupi, na penye kina kifupi hujinyoosha.

Kuna nyakati ambapo jiwe la kukanyaga hukosekana. Programu hupunguza hatua, ikapunguza tena, mpaka hatua yenyewe ikawa ndogo kupita kiasi, kisha ikasimama na kutoa ujumbe wa kushindwa. Huu ndio ujumbe unaowakera watumiaji kuliko mwingine wowote, na wengi hudhani ni ubovu wa programu. Mara nyingi chanzo ni saketi iliyochorwa kikamilifu mno, mathalani swichi inayofunguka kwa muda wa sufuri, au koili isiyo na ukinzani hata chembe. Vitu kama hivyo havipatikani duniani, na hisabati huvikataa.

Ujumbe mwingine wa aina hiyo hutokea pale sehemu fulani ya saketi inapoachwa ikining'inia bila njia yoyote ya umeme kufika ardhini, pengine kwa kuwa imezungukwa na kapasita pande zote. Programu haina msingi wa kuijulia volti zake. Mara nyingi dawa ni kuongeza rezista kubwa mno kutoka sehemu hiyo hadi ardhini, ambayo haitaathiri utendakazi wa saketi lakini itazipa hesabu mahali pa kuanzia.

Ujumbe wa kushindwa una heri yake, kwani angalau humwambia mtumiaji kwamba pana tatizo. Kasoro za kuogopwa ni zile zinazotoa jibu, tena jibu la kupendeza, ilhali si sahihi.

Herufi moja, maafa makubwa

Ya kwanza ni ya herufi. Wanafunzi wengi hufunzwa kwamba M kubwa ni kifupi cha mega, yaani milioni, na m ndogo ni kifupi cha mili, yaani sehemu moja ya elfu. SPICE haitofautishi herufi kubwa na ndogo. Ilizaliwa katika enzi ya kadi za kutobolewa, ambapo maandishi ya tarakilishi yalikuwa ya herufi kubwa pekee. Kwa hivyo, M katika SPICE, iwe kubwa au ndogo, ni mili. Anayetaka milioni sharti aandike MEG.

Matokeo yake yanatisha. Chukua rezista ya omu milioni moja iliyounganishwa na betri ya volti 12. Mkondo unaopita ni sehemu 12 za milioni ya ampea, mdogo kiasi cha kutohisika. Andika 1M badala ya 1MEG, na rezista hiyo itageuka kuwa ya sehemu moja ya elfu ya omu. Sasa programu itaonyesha mkondo wa ampea 12,000. Saketi kubwa yenye makumi ya vijenzi inaweza kuficha kosa hilo, na mtumiaji akakesha akitafuta kwingine.

Ndugu yake ni herufi F. Anayetaka kapasita ya faradi moja akiandika 1F, programu huisoma herufi hiyo kama kifupi cha kiambishi cha udogo kabisa, sehemu moja ya milioni ya bilioni, na faradi yenyewe ikapotea. Njia salama ni kuandika tarakimu bila kuweka jina la kipimo.

Je, kwa nini kasoro hii haijaondolewa kwa nusu karne? Jibu ni kwamba vielelezo vya vijenzi na michoro isiyohesabika imeandikwa kwa kufuata desturi hiyo. Kuibadilisha leo kungesahihisha kosa la mwanafunzi mmoja na kuharibu kazi ya maelfu. Ndiyo maana imebaki katika orodha ya mambo ambayo mtumiaji hutakiwa kuyajua tu.

Saketi inayokataa kuamka

Ya pili huwapata wanaobuni saketi za kuzalisha mawimbi, kama ile ya transista mbili zinazopokezana kuwasha na kuzima taa. Fundi akiiunganisha mezani, saketi hiyo huanza kumwekamweka mara moja. Akiichora kwenye programu, huenda ikatulia tuli, taa zote zikiwa katika hali moja.

Sababu ni usawa uliopita kiasi. Katika programu, transista zote mbili ni pacha wasiotofautiana hata kidogo, na hakuna kelele ndogo ndogo za umeme ambazo katika hali halisi hazikosekani kamwe. Ni kama penseli iliyosimamishwa juu ya ncha yake. Duniani itaanguka, lakini katika hisabati inaweza kusimama milele. Kinachohitajika ni kuisukuma, kwa kuipa kapasita mojawapo volti kidogo mwanzoni au kuwasha chanzo cha umeme polepole kutoka sufuri.

Hapa mwanafunzi asiyejua huitupa saketi iliyo nzima.

Mtikisiko usiokuwapo, na utulivu usiokuwapo

Ya tatu inahusu namna programu inavyokadiria mabadiliko kati ya hatua moja ya muda na inayofuata. Ziko njia mbili mashuhuri. Ya kwanza, inayotumia umbo la trapeza, ni sahihi na ya haraka, lakini pana wakati huzua mtikisiko wa uongo: mstari wa mkondo unapanda na kushuka katika kila hatua kama meno ya msumeno, ilhali katika saketi halisi mkondo umetulia.

Njia ya pili, inayojulikana kwa jina la mwanahisabati Gear, huuondoa mtikisiko huo. Tatizo ni kwamba huweza pia kuufifisha mtikisiko wa kweli. Saketi ambayo mezani ingeyumbayumba mpaka ikaharibika inaweza kuonekana imetulia kama maji ya mtungini. Kati ya makosa hayo mawili, hili la pili ndilo baya zaidi, kwa maana humpa mbunifu imani asiyostahili kuwa nayo. LTspice hutumia namna ya trapeza iliyorekebishwa ili kupunguza mtikisiko wa uongo bila kuua ule wa kweli.

Isitoshe, LTspice ina mazoea mawili ambayo mtumiaji anapaswa kuyafahamu. Kwanza, koili ambayo mtumiaji hakuitajia ukinzani hupewa ukinzani mdogo wa sehemu moja ya elfu ya omu bila ya kuulizwa, ili hesabu ziende vizuri. Pili, mawimbi hubanwa kabla ya kuhifadhiwa ili faili zisiwe kubwa mno. Macho hayataona tofauti, lakini anayepima upotofu mdogo wa sauti katika kikuza sauti ataupata umechanganyika na upotofu uliotokana na kubanwa huko. Yote mawili yameelezwa katika maandishi ya programu, na yote mawili huweza kuzimwa. Lakini nani huyasoma?

Chaji iliyopotea

Kasoro nyingine hazikutokana na herufi wala hesabu, bali na fizikia yenyewe. Katika SPICE ya mwanzo, transista za aina ya MOS, ambazo ndizo zinazojaza chipu za tarakilishi na simu, ziliwakilishwa kwa kielelezo kilichopendekezwa na mtafiti Meyer mwaka wa 1971. Katika kila hatua, programu ilikadiria uwezo wa transista kuhifadhi chaji, ikazidisha na mabadiliko ya volti, na kupata mkondo.

Njia hiyo ilifanana na mwenye duka anayeandika makadirio ya kila mauzo bila kuhesabu fedha zilizo sandukuni. Kila kadirio lina kosa dogo, na jioni ikifika hesabu za daftari hazilingani na za sanduku. Katika saketi nyingi kosa hilo halikudhuru. Lakini katika saketi za kumbukumbu, ambapo habari yote imewekwa katika chaji kidogo iliyohifadhiwa, chaji ilipotea au kuongezeka bila sababu kadiri uigaji ulivyoendelea.

Mwaka wa 1978, Donald Ward na Robert Dutton wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha njia ya kuepuka tatizo hilo, nayo ni kuhesabu chaji yenyewe kwanza kisha kuupata mkondo kutokana nayo. Kwa maneno mengine, anza na sanduku. Vielelezo vilivyofuata vikaijenga fikra hiyo ndani yake.

Hata hivyo, liko jambo moja ambalo vielelezo vingi vya kawaida havijalitimiza hadi leo. Transista ya kwenye skrini haiungui. Unaweza kuipitishia ampea 50 ilhali ile ya dukani haimudu hata moja, na programu itakuchorea mstari safi usio na harufu ya moshi. Mpaka wa joto, wa volti na wa mkondo umeandikwa katika karatasi ya maelezo ya mtengenezaji, na ni wajibu wa mbunifu kuulinganisha na matokeo yake.

Toleo jipya, majibu mapya

Baadhi ya wasomaji watauliza: si matoleo mapya hutolewa ili kuondoa kasoro hizo? Naam, lakini kila toleo lina gharama yake.

LTspice ilipopata toleo lililopewa nambari ya Kirumi XVII mwaka wa 2016, mojawapo ya mabadiliko yake yalikuwa uwezo wa kutumia herufi za lugha mbalimbali za dunia. Hilo lilikuwa jambo jema. Lakini kutokana nalo, maandishi yaliyo mwanzoni mwa faili za matokeo yakaanza kuhifadhiwa kwa baiti mbili kwa kila herufi badala ya moja. Watu waliokuwa wameandika programu zao ndogo za kuyasoma matokeo hayo walikuta zimegoma, ijapokuwa wao hawakubadilisha chochote.

Mnamo 2024 lilitoka toleo la 24. Naye Engelhardt, aliyekuwa ameondoka Analog Devices, alitoa programu nyingine mpya, QSPICE, kupitia kampuni ya Qorvo mwaka wa 2023. Ngspice na KiCad nazo zimeendelea kurekebishwa. Mtumiaji wa leo, kwa hivyo, ana chaguo kadhaa zisizo na malipo, na saketi moja inaweza kupewa majibu yanayotofautiana kidogo na kila moja. Tofauti hizo si lazima ziwe na maana kwamba moja ni mbovu. Pengine moja imeongeza ukinzani katika koili na nyingine haikuongeza, au kila moja imeridhika na kiwango tofauti cha kosa.

Kila toleo zuri huandamana na orodha ya marekebisho, na mara nyingine orodha ya kasoro zinazojulikana ambazo bado hazijatatuliwa. Wapo wanaoiona orodha kama hiyo wakasema programu ni mbovu, afadhali ile isiyo na orodha. Sisi tunaofanya kazi ya kuhariri magazeti tunaijua hoja hiyo, na tunajua udhaifu wake. Gazeti lisilochapisha masahihisho halina makosa machache kuliko linaloyachapisha. Linayaacha tu yaendelee kusomwa. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, na katika saketi za umeme kilio huja kwa mlio wa kupasuka.

La kufanya

Je, mwanafunzi au fundi afanyeje? Kwanza, asikimbilie toleo jipya akiwa katikati ya kazi. Aitunze nakala ya toleo alilonalo, alisome tangazo la marekebisho, kisha aziendeshe upya saketi mbili tatu ambazo majibu yake anayajua. Majibu yakibadilika, atafute sababu kabla ya kuendelea.

Pili, asikatae toleo jipya kwa woga. Kasoro iliyorekebishwa na watengenezaji lakini ikabaki katika tarakilishi yake ni kasoro aliyoichagua mwenyewe.

Tatu, katika kila ripoti aandike jina la programu, nambari ya toleo na vielelezo alivyovitumia. Mwalimu au mwenzake akipata jibu tofauti, hapo ndipo pa kuanzia.

Nne, apunguze urefu wa hatua za muda kwa nusu na kuendesha tena. Jibu la kweli halitabadilika sana. Jibu likibadilika, halikuwa la kutegemewa tangu hapo. Ajaribu pia njia zote mbili za kukadiria, ya trapeza na ya Gear, na kulinganisha.

Tano, na hili ndilo kuu, apige hesabu kwa mkono kabla ya kubofya. Si hesabu ndefu. Mistari miwili ya penseli inatosha kumwambia iwapo anatarajia volti 3 au 300. Anayejua takriban jibu litakuwa nini hawezi kupotoshwa na herufi moja.

Turejee kwa mwanafunzi wetu. Iwapo angeandika karatasini kwamba kilele ni 240 mara 1.414, angelishtuka mara moja kuona 238 kwenye skrini. Angelirekebisha ukubwa wa wimbi uwe 339, na programu ileile, bila toleo jipya wala marekebisho yoyote, ingelimwonyesha karibu volti 337. Angelikumbuka pia kwamba umeme wa ukutani haukai mahali pamoja. Ukipanda kwa asilimia 10, wastani huwa volti 264 na kilele kikakaribia 373. Kapasita ya volti 400 ingelikuwa na nafasi finyu ya usalama, na ya volti 450 ingelimpa nafasi zaidi.

Angelijua pia kwamba kuna hatari ambayo skrini haiwezi kumwonyesha. Kapasita ya aina hiyo hubaki na chaji hata baada ya plagi kuchomolewa, na chaji hiyo inaweza kuua. Majaribio ya umeme wa ukutani hayafai kufanywa na mtu aliye peke yake, wala na asiyekuwa na msimamizi mwenye ujuzi. Kwa anayejifunza, umeme wa volti chache uliopunguzwa na transfoma ya kununuliwa ni mwanzo mwema zaidi.

Ukiona vyaelea vimeundwa, na programu hizi zimeundwa kwa jasho la miaka hamsini. Zimeokoa vijenzi visivyohesabika ambavyo vingeliungua mezani, na zimempa mwanafunzi asiye na maabara nafasi ya kujaribu yale ambayo zamani yalikuwa ya wenye viwanda. Lakini kipimo cha mwisho kinabaki kilekile. Ni mita ya umeme mkononi mwa mtu anayejua, kabla ya kupima, ni tarakimu gani anayotarajia kuiona.